Gari Lililokataa Umeme wa Nyumba Yangu

Ndugu zangu Waislamu, khabari ninayotaka kuieleza leo ni ya gari na waya, wala mtu asistaajabu kuikuta katika kurasa ambazo amezoea kusoma mambo ya sala na malezi. Ilitokea nyumbani kwangu hapa Nyegezi, katika mwezi wa nane, wakati jua ni kali na ardhi imekauka, na mwenye kosa katika khabari hii ni mimi mwenyewe niandikaye.

Kijana wangu mkubwa huchukua abiria baina ya Nyegezi na mjini Mwanza. Kwa miaka mingi aliendesha gari la petroli la mtu mwingine, na jioni, akishampa mwenye gari hesabu yake na kituo cha mafuta haki yake, hurejea nyumbani na kidogo kisichotosha. Mwaka huu akakopa kwa jamaa, bila ya riba alhamdulillahi, akanunua gari dogo la umeme lililokwisha tumika Japani. Likaja kwa meli hata Dar es Salaam, na kutoka huko likapakiwa juu ya lori mpaka kwetu. Magari ya namna hii si kioja tena. Nairobi yapo, bajaji na pikipiki za umeme zapita katika miji yetu, na Ethiopia mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli.

Gari lenyewe halina injini ya kuunguza mafuta. Lina mota, na betri kubwa chini ya sakafu yake. Betri ile hubeba kilowati-saa 24, na kilowati-saa moja ndiyo ile uniti moja tuinunuayo kwa LUKU. Kulishibisha likiwa tupu kwataka uniti zaidi ya hizo 24, kwa kuwa kiasi hupotea njiani kikawa joto. Nami kwangu uniti kama hizo zilikuwa zikitutosha majuma mawili. Waya wake wa kuchajia una plagi ya meno matatu upande mmoja, na upande wa pili una kichwa kama kile cha pampu ya petroli, na karibu na plagi pana kisanduku chenye taa. Huvuta ampea 10 tu, kwa hivyo kulijaza ni kazi ya usiku mzima, yapata saa 11 au 12.

Tukamwita fundi umeme wa mtaani petu, kijana aliyesoma kwangu tangu alifu hata akakhitimu. Akatutilia soketi mpya barazani, na waya mnene kutoka kwenye mein swichi. Usiku ule, baada ya Isha, kijana wangu akasema Bismillahi akachomeka. Taa ya kisanduku ikawa nyekundu, ikawa yawaka na kuzimika, na gari likanyamaza kimya. Akachomoa, akachomeka tena. Nyekundu. Akaingia na waya dirishani akajaribu soketi ya jikoni, nayo vile vile.

Siku ya kwanza tuliushuku waya. Siku ya pili tukaushuku umeme wa jioni, tukasema watu wengi wapika na nguvu yake imepungua. Siku ya tatu kijana akalichukua gari kwa umeme kidogo uliosalia humo, akaenda nalo polepole hata Butimba kwa mjomba wake, akachomeka huko katika soketi kuukuu ya sebuleni. Taa ikawa kijani, na hata alfajiri betri imejaa.

Kila jioni kwenda Butimba hakukuwezekana, kwani deni halingojei. Mtu mmoja akashauri tuchaji msikitini, maadam ni karibu na soketi zipo. Nikakataa. Uniti za msikiti zanunuliwa kwa sadaka za watu waliotoa kwa ajili ya taa za wasalio na maji ya udhu, na mimi sina idhini ya kuwalishia gari la mwanangu. Katika hilo nilisimama sawasawa, na nadhani ndilo lililonidanganya nafsi, nikajiona mtu mwangalifu wa haki za watu.

Kwani angalieni nilivyofanya baada ya hapo. Nilipiga hesabu yangu kwa haraka: gari ni zima, waya wake ni mzima, Butimba lachaji na kwangu halichaji, basi ubaya uko katika kazi ya fundi. Hesabu hiyo nusu yake ilikuwa sahihi. Ubaya kweli ulikuwa katika nyumba. Lakini soketi ya jikoni, ambayo fundi yule hakuigusa kamwe, nayo ilikataa, nami jambo hilo nililiona kwa macho yangu nikalipita. Usiku ule, tumekaa nje ya msikiti baada ya sala, watu wapata kumi, nikasema kwa sauti kwamba kijana yule amenitilia waya bandia na kula fedha yangu. Nikalisema mimi, ambaye mwezi ule ule nilikuwa nawafundisha watoto Suratul-Hujurat, na tumefika aya ya 12 inayokataza dhana.

Khabari haikulala. Asubuhi alikuja mwenyewe na mkoba wake.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba."

"Nimesikia gari limekataa. Niruhusu nitazame."

Hakusema zaidi ya hayo. Akatoa mita yake ndogo, akaniita nisimame karibu nione. Akanieleza kwamba tundu tatu za soketi zina majina: moja ni ya moto, ndiyo iletayo umeme, ya pili ni ya nyutro, ndiyo iurudishao, na ya tatu, ile ya juu, ni ya eathi, ambayo siku zote haina kazi ila kungoja. Akapima baina ya moto na nyutro, mita ikasema volti 228. Umeme wa jioni, basi, hauna lawama. Akapima baina ya moto na eathi. Ilipasa isome karibu sawa na ile ya kwanza. Ikasoma 117.

Akaenda jikoni, akapata namna ile ile. Akarejea akafungua mein swichi, akautazama waya wa kijani na manjano ushukao ukutani, akaufuata kwa macho hata chini. Ndipo aliponiuliza, "Maalim, eathi ya nyumba hii imezikwa wapi?"

Moyo wangu ukashtuka, kwani nilikuwa nalijua jawabu.

Nilipojenga nyumba hii mwaka 2011, fundi wa wakati ule, ambaye siye huyu, alileta fimbo ya chuma iliyopakwa shaba, urefu wake futi nne. Fimbo hiyo hupigwa ardhini yote, ikafungwa waya, na waya ukaingia katika nyumba. Sasa, mwenye kuijua Mwanza anajua kwamba sisi twaishi juu ya majabali. Fundi akapiga nyundo; shibiri mbili tu, fimbo ikagonga mwamba ikadunda. Akaniambia tushuke bondeni mwa kiwanja, kwenye udongo, lakini kwataka tuongeze mita kumi na kitu za waya wa shaba. Nikamwuliza bei. Nikamwambia, "Ikate. Chini ya udongo nani ataiona?" Naye akaikata kwa msumeno wa chuma, akafukia kijipande. Kile kilichobaki nilikifanya kigingi cha kufungia mbuzi, na mpaka asubuhi ile nilipokuwa nimesimama na kijana yule, kigingi kilikuwa pale pale uani mbele ya macho yetu, na mbuzi amefungwa.

Nikamwonyesha. Akakitazama, wala hakucheka.

Akanieleza kazi ya eathi kwa maneno ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza angeyafahamu. Ikitokea waya wa moto ukachubuka ndani ya friji au pampu, chuma cha nje chote huwa moto. Eathi ikiwa nzima, umeme hupata njia pana ya kukimbilia ardhini, na swichi ya usalama ikakata mara moja. Eathi ikiwa mbovu, umeme hukaa katika kile chuma ukingoja atakayekigusa, naye ndiye atakayekuwa njia. Wala si chuma kimoja tu, kwani waya wa eathi huviunganisha vyombo vyote vya nyumba. Ubovu wa friji waweza kumfikia mtu aliyeshika pampu. Vyombo vingi haviulizi. Friji hupoza, pasi hupata moto, iwe eathi ipo au haipo. Lakini kisanduku cha gari kimetengenezwa kiulize kwanza: kabla ya kupitisha umeme hukagua kama eathi ipo, na isipoiona hukataa, kwa sababu gari ni chuma kikubwa, lasimama nje kwenye mvua, na watu huligusa wamesimama juu ya ardhi tupu. Butimba, soketi kuukuu vile vile, eathi ilikuwapo.

Hapo nikakumbuka mambo mawili. La kwanza, mama watoto amenilalamikia miaka mingi kwamba friji yamtekenya vidole akiifungua bila ya viatu, nami jawabu langu lilikuwa moja: "Vaa kandambili." La pili ni zito zaidi. Watoto wa madrasa hutawadha uani kwangu kwenye bomba la pampu, miguu yao imelowa. Mwaka uliopita mmoja wao, mtoto wa miaka kama saba, aliniambia, "Maalim, bomba lauma." Nikamkemea kwa mzaha. Mwenyezi Mungu ametuhifadhi. Sioni sababu nyingine ya kwamba hakudhurika mtu.

Kabla ya kusimulia tulivyotengeneza, nitaje jambo moja kwa ajili ya wengine watakaofikwa na haya. Mjuzi mmoja huko stendi alikuwa amemwambia kijana wangu kwamba dawa ni rahisi: ndani ya soketi unganisha nyutro na eathi kwa kipande cha waya, kisanduku kitadanganyika, na taa itakuwa kijani. Kijana, kwa uchungu wa deni, alikuwa amekwisha nunua kile kipande. Fundi aliposikia akakitoa mkononi mwake. Ni kweli taa itakuwa kijani, alisema. Lakini siku nyutro ikikatika popote, gari zima litakuwa moto, na atakayefungua mlango hataona dalili yoyote kabla. Wako pia wanaokata jino la tatu la plagi, au kutumia plagi ya meno mawili, jambo ambalo ni lile lile kwa jina jingine.

Kazi ya kutengeneza ilichukua siku moja na nusu. Fundi alichagua mahali ambapo mimi nisingepafikiri: pale chini ya uwanja ambapo maji ya udhu humwagikia na ardhi haikauki hata mwezi wa nane. Udongo wenye unyevu hupitisha umeme. Mchanga mkavu juu ya jabali haupitishi. Akapiga fimbo mbili za futi nne, zimeachana zaidi ya urefu wake, akaziunganisha kwa waya wa shaba, akachimba mfereji mpaka ukutani, akafukia kwa udongo na makaa yaliyopondwa. Nilimwuliza juu ya chumvi, kwani nimewaona mafundi wakiitia. Akasema husaidia kwa muda, kisha hula chuma. Akaongeza swichi ile ikatayo umeme wenyewe pindi uvujapo kwenda ardhini. Kisha akapima mbele yangu: moto na nyutro 229, moto na eathi 227. Kijana wangu akachomeka, na taa ikawa kijani.

Rufiji lipo Bwawa la Julius Nyerere lenye mashine 9 na uwezo wa megawati 2,115, kazi kubwa kabisa. Nami niliharibu mambo kwa kuhurumia mita kumi za waya. Suratul-Mutaffifin nimeifundisha miaka mingi, na kila mara nilipofasiri khabari za wapunjao vipimo niliwafikiria wauza sukari na wauza nafaka. Sikupata kufikiri juu ya fimbo ya futi nne.

Kuhusu fundi. Nilitaka kumwomba radhi pale pale uani, kimya kimya, na kumlipa na kumzidishia. Mama watoto ndiye aliyenizuia. "Maalim," aliniambia, "ulimtaja mbele ya watu wangapi?" Nikamwambia, yapata kumi. Akanyamaza akaendelea na kazi yake.

Basi baada ya Isha nikasimama mahali pale pale, na wengi wao walikuwapo. Nikasema kwamba kazi ya kijana ilikuwa safi, soketi yake na waya wake havina ila, na kwamba mwenye kukata eathi ni mimi, nikawaeleza na kigingi cha mbuzi. Baadhi walicheka, nami sikuwalaumu. Kijana aliinamisha kichwa akasema, "Yamekwisha, Maalim," lakini najua hayajakwisha yote, kwa kuwa maneno yangu ya mwanzo yalimkosesha kazi mbili: mtu mmoja aliyekuwa anajenga Mkolani, na mwingine hapa hapa Nyegezi, waliahirisha kumwita.

Malipo alikubali ya vifaa na ya siku zake, hakukubali ziada. Kile kigingi nimekitoa, na mbuzi sasa amefungwa mwembeni. Yule wa Mkolani nilimwendea mwenyewe, akamrudishia kijana kazi yake. Wa hapa Nyegezi nimemkosa nyumbani mara mbili. Nakusudia kumwendea tena Ijumaa hii baada ya sala.