Kutoka Katuba hadi Jengo la Juni 30: tunatafuta mahali pa sanaa kwa watoto wetu



Mnajua kwamba watoto wetu wanakutana kila Jumamosi kuchora, kucheza tamthilia na kupiga ngoma. Chumba walichokuwa wanakitumia kimepewa mtu mwingine, kwa sababu yeye analipa kodi na sisi hatukuwa tunalipa. Sasa watoto wanakaa chini ya mwembe, na mvua ya Novemba haimhurumii mtu mwenye karatasi mkononi. Katika mkutano wetu tulisema: kabla ya kwenda kuomba kitu kwa wakubwa, twende kwanza tuone mji wetu wa Lubumbashi umeweka sanaa wapi. Tulitoka siku ya posho, kama wazee wa kampuni wanavyoita bado Jumamosi, wamama sita na watoto kumi na mmoja, na munkoyo ndani ya chupa mbili.

Kenya na Kamalondo: sanaa iliyolipwa na nyumba zetu

Tulitoka Katuba, tukapita Kenya. Sokoni mtoto hahitaji kuambiwa sanaa ni nini. Iko juu ya ukuta wa saluni, ambapo mchoraji ameonyesha namna za kusuka nywele. Iko juu ya mlango wa fundi wa redio na juu ya kibanda cha muuza nyama. Watu hawa wa brashi wanaishi kwa kazi ya watu wa mtaa. Tuliwaacha watoto wamwangalie mmoja akiandika herufi nyekundu bila rula, mkono hautetemeki. Walisimama kimya kuliko wanavyosimama kanisani.

Mama mmoja mkubwa kati yetu alikumbusha picha zilizokuwa katika saluni za wazazi wetu. Miaka ya 1970, katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, wachoraji walikuwa wanapita na picha mkononi, nyingine zimechorwa juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Mfanyakazi wa mgodi alinunua moja na kuitundika ukutani: mamba muntu mwenye nywele ndefu, au Colonie belge, askari akimchapa mfungwa fimbo mbele ya Mzungu. Mgeni akiingia, anauliza, na mwenye nyumba anaanza kueleza. Picha ya namna hiyo iliitwa ukumbusho. Si mapambo tu. Ilikuwa kitabu cha nyumba ambayo haikuwa na vitabu.

Mmoja wa wachoraji hao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa hapa mwaka wa 1947. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi yetu katika picha zaidi ya mia moja, na kila picha aliieleza kwa Kiswahili mbele ya mwalimu Johannes Fabian, aliyerekodi maneno yake na kuyatoa katika kitabu mwaka wa 1996. Toka mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna aliyejua tena Tshibumba yuko wapi. Na zile picha? Ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho. Mtoto wa Katuba anayetaka kuona historia ya nchi yake kama mtoto wa Lubumbashi alivyoichora anahitaji pasipoti na viza.

Tuliposema hayo, msichana mmoja wa miaka kumi aliuliza: "Kwa nini hawakuziweka hapa?" Mama wawili walianza kujibu pamoja, kisha wakanyamaza. Jibu ni fupi: hapa watu wa nyumba walinunua picha moja moja, lakini hakukuwa na mfuko wa mji au wa jimbo uliosema, hizi zote ni zetu, zibaki.

Katikati ya mji: nyumba zilizojengwa kwa ajili ya sanaa

Tulipita Kamalondo, tukaingia mjini. Katika miaka ya 1950 wakoloni walijenga hapa mahali pakubwa pa utamaduni, chini ya fundi mwenye kuchora majengo Claude Strebelle: jumba la tamthilia, na karibu yake jumba la makumbusho. Tusidanganyane, hawakulijenga jumba la tamthilia kwa ajili ya babu zetu. Lakini kuta zilibaki, na sisi pia tulibaki.

Jumba la tamthilia leo linaitwa Jengo la Juni 30, na ndani yake linakaa Bunge la jimbo. Hatusemi hili kwa kulaumu. Wabunge nao wanahitaji paa. Lakini tulisimama mbele yake tukawaambia watoto: hapa palijengwa jukwaa, na viti vya watu wa kutazama. Kijana mmoja, ambaye katika tamthilia yetu huwa ni chifu, alitazama ngazi muda mrefu. Halafu akasema kwamba hata wabunge wanapanda jukwaani, ila wao hawabadilishi nguo. Tulicheka, na hata askari wa mlangoni alicheka.

Katika jumba la makumbusho tuliona misalaba ya shaba ambayo mababu wa Katanga waliyeyusha na kuitumia kama mali, hata kwa mahari, kabla kampuni yoyote haijafika. Hapo mama anaweza kumwambia mtoto: ufundi haukuletwa na meli.

Katika mji huu huu, mwaka wa 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya kuchora iliyoitwa Hangar. Humo walitoka Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela. Bela alichora kwa ncha za vidole vyake, bila brashi. Habari hiyo iliwafurahisha watoto wetu kuliko zote, maana brashi zetu ni nne tu. Sisi wamama tulisikia neno lingine ndani yake: watu wale walipewa paa, rangi na muda. Kipaji walikuwa nacho tayari.

Sanaa inapotoka nje

Mwaka wa 2008 vijana wa hapa, pamoja na mpiga picha Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza, walianzisha mkutano wa sanaa wa kila miaka miwili. Waliuita Picha, jina ambalo kila mama anaelewa bila kamusi. Kisha kukawa na kituo kingine, Waza, nalo ni neno letu. Mwaka wa 2022 kichwa cha mkutano wa Picha kilikuwa ToxiCité, yaani mji na sumu, na sisi tunaoanika nguo chini ya vumbi la migodi hatuhitaji kuelezwa maana yake. Kazi nyingi za namna hiyo zinasimama kwa msaada wa nje: balozi, mifuko ya Ulaya, marafiki. Tunawashukuru. Lakini msaada wa rafiki una mwisho wake, na siku rafiki anapobadilisha mawazo, mlango unafungwa na mtoto anarudi chini ya mwembe.

Karibu na Posta tuliona sanamu ya Moïse Tshombe. Wenzetu wa Goma wana sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya njia panda: mtu anayesukuma chukudu iliyobeba mzigo. Si mkubwa wa serikali, ni mtu wa kazi. Tuliwauliza watoto, kama komini ingewapa ukuta mmoja, wangechora nani? Wakajibu: mama anayeuza makala, bibi anayepika bukari, baba wa baiskeli, na mchezaji wa Mazembe, bila shaka. Hakuna aliyetaja mtu wa cheo.

Sheria inasema nini

Turudi kwa neno tulilotoka kulitafuta. Je, kuomba mahali pa sanaa ni kuomba sadaka? Hapana.

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 46, inahakikisha haki ya utamaduni na uhuru wa kubuni kazi za sanaa. Kifungu cha 203 kinaweka maisha ya utamaduni na michezo katika kazi ambazo serikali kuu na majimbo wanashirikiana. Tena, kwa sheria ya 2008 juu ya madaraka ya mahali, mji na komini ni vyombo vyenye usimamizi wao na bajeti yao. Basi gavana, meya na mkuu wa komini, kila mmoja ana mlango ambao mama anaweza kuubisha.

Na pesa? Sheria ya madini iliyobadilishwa mwaka wa 2018 imegawanya malipo ambayo kampuni inalipa kwa madini inayouza. Katika kila franka 100, 50 zinakwenda kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au usultani ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni inapaswa kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Komini isiyo na mgodi haipati ile 15, lakini ile 25 ya jimbo ni yetu sote.

Tunasikia mama akisema: barabara kwanza, maji kwanza, rangi baadaye. Ni kweli, na sisi pia tunachota maji kwa madumu. Lakini hatuombi jumba. Tunaomba chumba ambacho kipo tayari na kinalala kimefungwa siku ya Jumamosi. Kijana asiye na mahali pa kwenda Jumamosi atapata mahali pengine, na mahali hapo tunapajua: mnauona moshi wake na mnasikia matusi yake.

Tutaomba nini

Baada ya kurudi tuliketi na kukubaliana mambo manne, na tunayaweka mbele yenu kabla ya mkutano wa juma lijalo.

Kwanza, chumba cha komini au cha shule ya serikali, saa nne kila Jumamosi, bila kodi, kwa barua yenye muhuri. Neno la mdomo linaondoka pamoja na mkubwa aliyelisema, muhuri unabaki.

Pili, ukuta mmoja wa soko, ambao watoto na wale mafundi wa brashi watauchora pamoja. Fundi alipwe. Mtu wa sanaa naye anakula bukari.

Tatu, mstari mmoja katika bajeti ya komini wenye jina la sanaa ya watoto, hata ukiwa mdogo. Kitu kisichoandikwa katika bajeti hakiwezi kuulizwa mwisho wa mwaka.

Nne, Jengo la Juni 30 lifunguliwe kwa watoto wa shule siku moja kwa mwaka, Bunge likiwa halikai, ili wapande juu ya lile jukwaa.

Sisi tutaleta upande wetu: wamama wawili wa zamu kila Jumamosi, ufagio, maji ya kunywa, na likelemba ndogo kwa ajili ya karatasi na rangi. Mwenye kuomba akionyesha mikono yake ina kazi, ni vigumu kumwambia arudi kesho.

Barua itaandikwa Jumatano saa nane. Mama anayejua kuandika Kifaransa cha ofisi aje na kalamu. Mama asiyejua aje vilevile, maana majina mengi chini ya barua yanasomwa kabla ya barua yenyewe.