Kura Moja

Jumapili ya tarehe 5 Januari 2020, baba hakwenda baharini. Kabla ya alfajiri tulisikia mshindo kutoka upande wa Manda, na kulipokucha tukaona moshi mweusi. Al-Shabaab walikuwa wameivamia kambi. Wamarekani 3 walikufa.

Baba alikaa barazani akiutazama ule moshi. Kwa miaka kadhaa alikuwa amezuiwa kuvua usiku kwa sababu za usalama, na sasa hata mchana ulikuwa umeharibika.

"Mwanangu, wewe umesoma," akaniambia. "Hawa watu wa mbali, vita hivi walipewa ruhusa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilipolitafuta, lilinipeleka Washington, tarehe 14 Septemba 2001, siku 3 baada ya mashambulizi. Baraza la Wawakilishi lilikuwa likipigia kura azimio la kumruhusu rais kutumia jeshi dhidi ya waliohusika. Wabunge 420 walikubali. Mmoja alikataa: Barbara Lee wa California, binti wa mwanajeshi. Hakusema nchi yake isijilinde. Alihofia ruhusa isiyo na mpaka wala mwisho. Akaitwa msaliti, akatishiwa kuuawa.

Azimio lile halikuitaja Somalia. Al-Shabaab hata hawakuwapo. Lakini mwaka 2016 serikali ya Obama iliamua kwamba linawahusu pia. Desemba 2020, Trump akaamuru wanajeshi wapatao 700 waondoke Somalia. Baadhi wakahamishiwa nchi jirani, Kenya ikiwamo. Mwaka 2022 Biden akawarudisha. Muda wote huo Lee alipeleka miswada ya kulifuta azimio. Alipoondoka bungeni Januari 2025, lilikuwa bado hai.

Nakiri kwamba sijui kusema "waondoke" kwa urahisi. Sisi wa Lamu tunaikumbuka Mpeketoni ya 2014. Usiku mbwa wakibweka kupita kiasi, ninafurahi kujua kuna mwenye bunduki karibu. Kisha ninakumbuka kwamba kambi ile ndiyo iliyoleta moshi.

Nilimsimulia baba haya yote. Alinyamaza kwa muda.

"Kwa hiyo huyo mama aliuliza vita vitakwisha lini?"

"Aliuliza, baba."

"Akajibiwa?"

Nikatazama chini. Maji yalikuwa yameanza kupwa. Baba akainuka, akachukua nyavu zake, akashuka ufukweni.