Taiti ya mazoezi na ngozi ya binti yangu

Binti yangu wa kidato cha pili anacheza netiboli, na tangu timu yao ianze kujiandaa na UMISSETA, taiti na fulana ya kubana ndiyo sare yake ya jioni. Wiki ya tatu akaniambia, "Mama, mapajani kunaniwasha." Nilipoangalia nikaona duara jekundu lenye kingo zilizoinuka, na chini ya sidiria vipele vya harara.

Wiki hiyohiyo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ulizunguka ujumbe kwamba nguo za mazoezi ni plastiki na zinaleta saratani. Mama mmoja akasema za kwake ameshazichoma. Mimi taiti ya mtumba pale Karume nainunua kwa kubana matumizi, kwa hiyo nilitaka kujua kwanza.

Kwamba ni plastiki, ni kweli. Poliesta, nailoni na spandex hutokana na mafuta ya petroli. Mitumba mingi imekatwa lebo, lakini fundi wangu wa cherehani ana kipimo chake: anachomoa uzi na kuuwasha. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu, poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Taiti ya binti yangu iliacha kishanga.

Hofu ya kemikali nayo haikuzuka hewani. Oktoba 2022 shirika la Center for Environmental Health la California, Marekani, lilitangaza kwamba baadhi ya sidiria na fulana za michezo zinaweza kumfikishia mvaaji kemikali ya BPA hadi mara 22 ya kiwango cha sheria ya jimbo hilo. BPA huweza kuvuruga homoni, na mzazi wa binti anayekua hawezi kulipuuza hilo. Lakini tangazo lile halikusema kuna mtu aliyeugua kwa kuvaa taiti.

Daktari wa ngozi hakuuliza hata kitambaa. Aliuliza, "Huwa anaivua saa ngapi?"

Hapo ndipo tulipopiga hesabu. Mazoezi yanaisha saa kumi na moja na nusu. Daladala ya kugombania, foleni, nyumbani saa moja na nusu, halafu zamu ya bafu na wadogo zake. Karibu saa tatu mtoto yumo ndani ya nguo iliyolowa. Pamba hunywa jasho. Poliesta hailinywi, na ikibana, jasho linabaki kwenye ngozi huku nguo ikisugua. Kwa joto la Dar, fangasi atake nini tena?

Kilichomshtua daktari zaidi ni krimu. Rafiki yake alikuwa amempa tyubu ya duka la dawa, ile inayotuliza muwasho usiku mmoja. Ilikuwa na steroidi. Daktari akaeleza kuwa dawa hiyo hupunguza wekundu, lakini fangasi anaendelea kusambaa chini kwa chini, na baadaye ni vigumu hata kumtambua. Alimwandikia dawa ya fangasi na kumsisitiza asiache kupaka mapema kwa sababu tu muwasho umeisha.

Taiti sikuichoma. Inafuliwa kila ikivaliwa, inageuzwa ndani nje na kuanikwa hadi ikauke kabisa. Nguo mpya naifua kabla haijavaliwa. Kushinda na kulalia ni fulana za pamba tu, pana.

Ila hayo yote ni ya nyumbani, na zile saa tatu zinaanzia shuleni. Nilipomuuliza kwa nini habadilishi nguo kabla ya kupanda daladala, alinitazama kama mgeni wa mji: "Nibadilishie wapi, Mama? Madarasa yanafungwa saa kumi, na vyoo vya shule unavijua." Wazazi wanne tumemwomba mwalimu wa michezo awaachie wasichana darasa moja wazi kwa dakika kumi baada ya mazoezi. Amesema ataongea na mkuu wa shule Jumatatu.