Miaka 15 ya Kumpa Mnyoo Jina

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, msinihukumu. Test zimefuatana kama mvua za masika, na boom nalo liliingia asubuhi likatoka jioni. Leo nimejibanza kwenye ngazi za maktaba hapa Mlimani niwape stori ya mnyoo. Ndiyo, mnyoo. Ijumaa natakiwa kukabidhi mada ya mradi wangu wa mwaka wa mwisho, na huyu mnyoo ndiye amenivurugia hesabu zote.

Anaitwa Pectinereis strickrotti. Anaishi kina cha kama mita 1,000, upande wa Pasifiki wa nchi ya Costa Rica, sehemu ambayo gesi ya metheni inavuja kutoka sakafu ya bahari. Ana urefu wa kama sentimita 10, na ubavuni ana safu ya vijiguu vyenye matamvua ya kupumulia, kama manyoya ya ndege. Watafiti walimwona mara ya kwanza mwaka 2009 wakiwa ndani ya nyambizi ndogo ya Alvin. Wakarudi 2018 wakawanasa wachache. Jina lake likatangazwa Machi 2024 kwenye jarida la PLOS ONE, ambalo kulisoma ni bure, unahitaji bando tu. Strickrott ni rubani wa hiyo Alvin, wakaona wampe heshima.

Sasa jamani, 2009 hadi 2024 ni miaka 15. Mtoto aliyezaliwa siku mnyoo anaonekana, alikuwa keshafika sekondari mnyoo anapopata jina. Walikuwa wanafanya nini muda wote huo?

Nimechimba kidogo nikaelewa. Kukiona kiumbe kipya ni kazi ya dakika, ila kukieleza ndo shughuli. Kwanza unahitaji mwili wenyewe, picha pekee ni ugomvi. Mwili nao una masharti: ukiuhifadhi kwa formalini, umbo linakaa vizuri lakini DNA inaharibika, kwa hiyo kipande kingine unakiweka kwenye spiriti kali. Halafu unakaa na hadubini. Unahesabu pingili moja moja. Unakata kijiguu cha mbele, cha katikati na cha nyuma, unavilinganisha. Unaangalia vile vijinywele vigumu, kipi kimenyooka na kipi kina kiungo. Minyoo wa ukoo huu wana koo linalogeuka nje kama soksi, na mwishoni kuna taya mbili, nazo unazichunguza. Ukishamaliza unamlinganisha na ndugu zake wote waliokwisha kuelezwa, na minyoo wa kundi hili la polikaeta wana majina zaidi ya 10,000. Mwisho unachagua mmoja awe holotaipu, yaani yule anayebeba jina, na unaandika amehifadhiwa wapi. Kwa spishi iliyotangazwa kuanzia mwaka 2000, usipotaja wazi kielelezo au vielelezo vinavyobeba jina, jina lako halihesabiki.

Hapo kwenye "amehifadhiwa wapi" ndipo nilipochoka. Bwana Cyril Crossland alikusanya minyoo Zanzibar na pwani ya Kenya mwaka 1901 na 1902, akaieleza kwenye jarida la wanazuolojia wa London. Meli ya Misri iitwayo Mabahiss ilizunguka Bahari ya Hindi 1933 hadi 1934 ikivua vitu vya kina kirefu, minyoo yake ikaelezwa na C.C.A. Monro mwaka 1937, London hukohuko. Sisemi waliiba, kazi waliifanya na iliwatoa jasho. Nasema tu kwamba ukitaka kujua mnyoo wa kwetu ni mpya au ni wa zamani, mara nyingi safari inaanzia kwenye chupa iliyoko Ulaya.

Sasa haya yananihusu nini mimi, binti wa Bariadi, ambako bahari tunaiona kwenye kalenda?

Yananihusu kwa sababu ya TP. Mwaka huu nilipangiwa sekondari moja nje kidogo ya mji wa Bariadi, nikapewa biolojia kidato cha tatu. Nikafika mada ya Anelida, nikachora Nereis ubaoni kama nilivyochorewa mimi, wakaanza kunakili. Dogo mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Madam, huyu nani alimpa jina?" Nikamjibu ni Linnaeus, wa Sweden, mwaka 1758. Akauliza tena, "Na sisi wa huku tunaruhusiwa?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Shule haikuwa na hadubini hata moja, na lile swali lilikuwa bora kuliko andalio langu la somo.

Kesho yake tukatoka nje. Julai Simiyu ni vumbi tupu, lakini kwenye tope la kando ya bomba nyungunyungu hawakosi. Nikawaambia wamweke mmoja juu ya karatasi kavu wakae kimya. Akatembea, wakasikia akikwaruza karatasi. Ni vile vijinywele vigumu, anavyo hata wa nchi kavu, ila vichache sana. Wakaanza kuhesabu pingili, wakabishana, wakahesabu upya. Kila mmoja akaandika maelezo yake bila kunakili ya mwenzake. Na swali la yule dogo nikalijibu: yeyote anaruhusiwa, akifuata kanuni. Nikawapa mfano wa kima wa Rungwe. Wanyakyusa walikuwa wanamwita kipunji miaka yote, na alipoelezwa kisayansi mwaka 2005 jina likabaki hilohilo, kipunji. Mwaka 2019 kuna samaki wa Zanzibar, wa mita 50 hadi 80 kwenda chini, ameitwa Cirrhilabrus wakanda, jina la nchi ya kwenye filamu. Ni samaki mzuri sana, lakini najiuliza kama Mswahili angekuwa mezani siku ile angependekeza nini.

Jioni nikamweleza baba kwamba nataka mradi wangu uwe wa minyoo ya pwani. Alikuwa ametoka kupeleka pamba AMCOS, kachoka.

"Mama, huyo mnyoo analiwa?"

"Haliwi baba."

"Anauzwa?"

"Wavuvi wa pwani wanawatumia ndugu zake kama chambo."

"Basi hata samaki wanajua kazi yake," akasema, akacheka. Halafu akawa siriasi. Mdogo wangu yuko kidato cha nne. Mradi ukichelewa, na mimi nachelewa kumaliza, na ajira za ualimu zenyewe mnazijua zilivyo. Kila mwezi ninaochelewa ni shamba lake linalolipa.

Ana haki, na sina jibu la kumshinda. Ipo mada rahisi kabisa, "Sababu za wanafunzi kufeli biolojia", madesa yake yamejaa stationery zote, wiki sita umemaliza. Ila siwezi kuandika kurasa 40 za kwa nini watoto wanafeli wakati mimi mwenyewe sijawahi kueleza kiumbe hata kimoja toka mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo nimepiga hesabu. Nitachukua spishi moja tu ya kwenye tope la Kunduchi, maji yakikupwa. Sitafuti spishi mpya, nataka nijue kueleza ya zamani vizuri, pingili kwa pingili, niweze kumfundisha mwingine. Nimeomba hadubini ya maabara siku mbili kwa wiki, na ratiba nimemtumia baba kwa simu. Amejibu maneno matatu: "Umalize kwa wakati."

Nitamaliza. Ijumaa nakabidhi. Ngoja niwahi kafeteria, wali maharage ukiisha leo nalala na chai.