Ugali wa Mtama Hauuzwi Hotelini

Katika mji wa Mbulu utakula wali maharage, chipsi mayai, supu ya mbuzi na kitimoto. Ukitaka chakula cha Wairaqw wenyewe, huna budi uwe na ndugu. Mimi ninao. Mama yangu alizaliwa Kainam, kwenye miinuko iliyo juu ya mji, na sisi watoto wake tuliokulia Arusha tulipandishwa kwa bibi kila likizo ya Juni, wakati baridi ya huko inauma na mavuno yako ghalani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mbulu ilikuwa bado mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara, ilimo leo, ulizaliwa mwaka 2002. Lami ilituacha Makuyuni, na kuanzia hapo basi lilikwenda kwa vumbi na subira. Safari ya namna hiyo ina mlo wake. Mto wa Mbu akina mama walipandisha mikungu madirishani, na mama hakukubali tupite bila ndizi nyekundu, zile nene ambazo sijaziona zikiuzwa kwa wingi mahali pengine. Kisha basi lilipanda ukuta wa Bonde la Ufa likinguruma, Karatu tukanywa chai ya maziwa yenye moshi, na jioni tukashuka Mbulu tukiwa na rangi moja, wekundu wa udongo.

Mjini Arusha tulikuwa tunakula yanga, ule unga wa mahindi ya njano uliotoka Marekani, na sukari ilipangiwa foleni. Kwa bibi hakukuwa na foleni. Wakulima wa Kainam wamezoea kubana ardhi ndogo wakaitoa jasho: ng'ombe wanalala ndani, samadi inabebwa mpaka shambani, miteremko inalimwa kwa matuta. Ghala lilikuwa na mahindi, maharage na mtama mwekundu, na kibuyu cha maziwa mgando kilining'inia ukutani. Kwa mtoto aliyetoka kwenye yanga, hapo ndipo palikuwa mjini.

Ila bibi hakutaka kutulisha hivyo. Mgeni alikuwa na chakula chake, nacho ni wali. Mchele ulitoka Magugu, kule bondeni njia ya Babati, mchele wa kunukia ambao hadi leo watu wa Arusha wanautaja kwa jina la kijiji chake. Bibi aliuhifadhi kwenye chungu kilichofunikwa, akaupika kwa ajili yetu na mama. Binamu zetu walikaa upande wa pili wa moto na sinia la ugali wa mtama, majani ya maboga yaliyopikwa kwa maziwa, na maharage. Wao waliutamani wali wetu, sisi tuliutamani ugali wao, na bibi akilala tu biashara ya kubadilishana ilifanyika gizani bila dalali. Ugali ule ulikuwa mzito, wa rangi ya udongo, na ladha yake ilikuwa na uchachu kidogo. Kwa maziwa mgando hauhitaji mboga nyingine.

Wali ulikuwa heshima, na polepole heshima hiyo ikabaki peke yake, bila ule ugali wa mtama iliokuwa inauficha. Mjomba wangu, aliyeendelea kulima shamba la bibi, anasema mtama uliuawa na ndege. Mtama unataka mtoto wa kukaa shambani mchana kutwa akipiga kelele na kurusha mawe. Kuanzia mwaka 1977, Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza kutekelezwa, watoto walitakiwa darasani, na kwelea hawana likizo. Mahindi yanajifunika yenyewe kwa maganda. Simlaumu mtu kwa hilo. Nani angemtoa mwanawe shule akawinge ndege? Mtama uliobaki ulikwenda kwenye pombe ya wazee, na siku za sherehe ulionekana mtungini kuliko sahanini.

Upande wa Hanang mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Baba mdogo alipata kazi Basotu, kwenye mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, na tulipomtembelea tulikula chapati asubuhi na jioni. Tulizifurahia. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba karibu ekari 100,000 za mashamba yale zilikuwa malisho ya wafugaji wa Kibarbaig, na kwamba wanakijiji wa Mulbadaw waliipigania ardhi hiyo hadi Mahakama ya Rufani. Kwenye mnada wa Katesh, chini ya Mlima Hanang, Wabarbaig walikuwapo siku zote na mbuzi wao, na nyama ilichomwa kwa vijiti vilivyochomekwa kuzunguka moto, chumvi pembeni. Huo ni mlo mmoja wa huku ambao haujanisumbua kuupata hata leo. Fika siku ya mnada tu.

Kitimoto nayo ni mgeni aliyegeuka mwenyeji. Bibi hakuwahi kufuga nguruwe. Leo nyumba nyingi za ukoo zinao, kwa kuwa nguruwe anakua haraka na analipa ada. Hapa nitasema jambo lisilofurahisha mezani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikagua ndimi za nguruwe 770 katika vijiji 21 vya wilaya ya Mbulu, na 17.4 kwa mia walikuwa na mabuu ya tegu. Watafiti waliofanya kazi katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom wamehusisha sehemu ya kifafa cha eneo hilo na mabuu hayo yanapoingia kwenye ubongo wa mtu. Kinga inajulikana: nguruwe wafungiwe badala ya kuzurura, vyoo vitumike, mikono ioshwe, nyama iive sawasawa. Mama mdogo huichemsha kwanza, kisha ndipo anaikaanga, na hasikilizi maoni ya walaji.

Sasa lami imefika Babati na Karatu, mabasi yanakwenda mbio, na kituo cha kula ni kimoja chenye chipsi, kuku na soda. Abiria anapita Magugu amelala. Nilipokwenda safari ya karibuni nilimwomba mama mdogo anipikie ugali wa mtama. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Mwanangu, nikupe mtama, watu waseme nimekunyima?"

"Mama, nimekuja kwa ajili yake."

"Basi ungesema tangu wiki iliyopita. Huo unga siku hizi unanunuliwa."

Na kweli ulinunuliwa sokoni, kwa bei iliyozidi ya sembe. Akausonga, akaleta na maziwa. Wajukuu zake walionja, wakarudi kwenye wali wao. Safari hii hakuna aliyetaka kubadilishana. Yeye mwenyewe alikula sana, akaanza kutaja aina za mtama ambazo mama yake alizijua kwa majina na ambazo hakumbuki tena mbegu zake ziko kwa nani.

Ninaamini mtama unaweza kurudi sahanini, lakini si kwa hotuba. Utarudi mgeni akiuomba, kwa sababu huku mwenyeji hapiki anachokipenda, anapika anachodhani mgeni anakiheshimu. Kwa hiyo ukialikwa Mbulu, usibebe mchele. Beba sukari na majani ya chai, na wiki moja kabla mpigie simu mwenyeji wako umwambie unakula ugali wa mtama na maziwa mgando.