Kabati la Viungo

Msomaji, ukiingia katika jiko la nyumba yoyote ya pwani, yamkini utakuta viungo vya aina kumi au zaidi, na ukivikagua vizuri utaona kwamba baadhi yake vimekwisha kufa. Manjano yamepauka, iliki imebaki maganda, na bizari hainukii hata ikifikichwa katika kiganja. Mwenye nyumba hana habari. Huongeza kijiko cha pili na cha tatu, akidhani kuwa mkono wake umepoteza ufundi, kumbe anatia mchuzini vumbi tu.

Sababu yake si ya uchawi. Harufu ya kiungo imo katika mafuta mepesi yaliyofungwa ndani ya mbegu, gome, tumba au mzizi, na mafuta hayo hupenda safari. Joto huyafukuza, hewa huyachakaza, mwanga hufifiza rangi, na unyevu hualika kuvu. Kiungo kizima hujilinda chenyewe: iliki ina ganda lake, na kungumanga ni ngumu kama kokoto. Ukikitwanga, umevunja mlango wa ghala. Mdalasini mzima au pilipili manga nzima huweza kukaa miaka miwili au mitatu na bado ikafaa. Unga wake huanza kulegea baada ya miezi michache. Kwa hiyo mimi nakisifu kinu kidogo kuliko mikebe ishirini ya unga. Na ile rafu itundikwayo juu ya meko, ijapokuwa hupendeza macho, ni mahali pabaya kuliko pote nyumbani.

Haya niliyajua kijuujuu mpaka nilipotakiwa kupanga kabati la shangazi yangu, Mombasa. Alikuwa na viungo vya aina 34, vingine katika chupa, vingine katika makopo ya maziwa, vingine vimefungwa katika vipande vya kanga. Macho yake yalikuwa yanafifia kwa presha ya macho, maradhi ambayo nuru iliyokwisha kupotea kwayo hairudi. Wanawe walitaka aache kupika, kwa hofu ya moto, na kwa hofu ya kutia chunguni kisichotakiwa. Yeye aliwajibu, "Mkinitoa jikoni mtaniweka wapi, wanangu? Sebuleni, kama mkeka wa wageni?" Hapana aliyemjibu. Tukapatana kwamba kabati lipangwe kwa namna ambayo angeweza kulitumia bila ya macho. Likishindikana, angekubali kuacha.

Binti yake alikuja na karatasi za majina, apange kwa abjadi. Mpango huo una faida kwa mwenye kuona na mwenye haraka ya kujifunza. Lakini mpishi hafikiri kwa abjadi. Hafikiri kwamba giligilani hutangulia haradali. Afikiri kwamba leo ni pilau. Basi tulipanga kwa kazi. Rafu ya kati, iliyo sawa na kifua chake, ilipewa vya pilau: bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, kwa kufuata jinsi mkono wake ulivyozoea kuvitia. Kushoto vikakaa vya chai, na humo iliki na mdalasini vikarudiwa mara ya pili, maana ni heri kuwa na chupa mbili kuliko chupa moja isafiriyo kila siku. Rafu ya juu ilipewa vitumiwavyo kwa nadra, kama kungumanga na basibasi, ndugu wawili wa tunda moja: mmoja kokwa, mwingine utando mwekundu uizungukao.

Pilipili kali tuliihamisha peke yake, chini kabisa, katika kopo lililozungushiwa kamba ya katani, ili kidole kishtuke kabla ya ulimi. (Mgeni huyu, kwa hakika, hana ukoo na pilipili manga ya Malabar, asili yake ni bara la Amerika, na hakujulikana katika bahari yetu kabla ya safari za Wareno.) Karafuu zilipata chupa ya kioo, kwa kuwa mafuta yake hulainisha baadhi ya plastiki.

Palibaki suala la tarehe. Karatasi asingeisoma. Shangazi mwenyewe ndiye aliyelitatua: kila chupa ya unga ilifungwa uzi shingoni, na kila mwezi uandamapo huupiga fundo moja. Mafundo sita yakitimia, unga humwagwa, hata ukiwa bado wanukia. Nimesoma shauri nyingi za kuhifadhi viungo, na sijaona iliyo rahisi kuliko hiyo.

Sheria nyingine zilikuwa mbili. Kwanza, chupa isifunguliwe juu ya chungu kinachochemka. Mvuke huingia, unga hugandamana, na kuvu nyingine huacha sumu isiyoondolewa na mapishi. Pili, atakayetoa chupa airudishe palepale. Hii ya pili ndiyo iliyoleta ugomvi. Mjukuu mmoja alibadilisha manjano na uwatu, na Ijumaa ile shangazi aliifungua chupa, akainusa, akaifunga bila ya neno, kisha akaita nyumba nzima jikoni. Tangu siku hiyo hata watoto wadogo hurudisha kitu mahali pake kwa adabu kama warudishavyo msahafu.

Miaka mitatu imepita. Nuru imepungua zaidi, na sasa binti yake ndiye awashaye moto na kuepua sufuria. Lakini viungo hutiwa na mama mwenyewe, wala pilau haijaharibika.

Kiungo kimoja tu hakimo kabatini. Zafarani yake, ambayo gramu moja hutaka nyuzi za maua zaidi ya 100, imo katika kikopo cha bati, ndani ya sanduku la nguo, chini ya kanga zake za arusi. Ni mahali pa giza na pakavu, pazuri kwake. Nilimwuliza ni nani ajuaye ilipo. Alisema, "Wewe sasa," akaniagiza nifunge sanduku.