Sahani za Herend

Herend ni mji mdogo wa Hungaria, ambao kwa miaka mingi ulikuwa kijiji tu, magharibi ya Veszprém, karibu na milima ya Bakony. Msafiri aweza kuupita bila ya kugeuza shingo. Lakini sahani zitokazo huko zimepata kuandikiwa vyakula vya wafalme.

Kaure si udongo wa chungu. Hufanywa kwa kaolini, yaani udongo mweupe laini, uliochanganywa na unga wa mawe. Chombo huchomwa mara ya kwanza, huchovywa katika maji mazito ya kung'arisha, kisha hurudishwa tanuruni kwa moto wa nyuzi karibu 1,400, hata kikawa kigumu, cheupe, chenye kupenywa na mwanga. Wachina waliijua kazi hii karne nyingi; mabakuli yao ndiyo yaliyojengewa katika kaburi la kale la Mambrui, pwani ya Kenya. Watu wa Ulaya hawakuipata siri hiyo mpaka mwanzo wa karne ya 18, huko Meissen katika Ujerumani.

Karakana ya Herend ilianzishwa mwaka 1826 na Bw. Vince Stingl. Madeni yalimlemea, na mwaka 1839 Bw. Mór Fischer akaingia mahali pake. Mwaka 1843 moto uliiteketeza. Fischer akajenga upya.

Mtu huyo alikuwa na akili ya biashara. Makabaila wa Hungaria walirithi kwa babu zao seti kubwa za vyombo vya Meissen, vya Sèvres katika Ufaransa, na vya Uchina. Kilipovunjika kikombe kimoja, seti yote ilipata pengo, na pa kununua kingine hapakuwapo. Basi Fischer akajitia kuziba mapengo hayo. Wafinyanzi na wachoraji wake walijifunza kufuatisha kazi ya wageni hata ikawa vigumu kukitambua chombo kipya kati ya vile vya kale. Labda wako watakaosema kwamba huko ni kuiba nakshi za watu. Lakini mikono ya Herend ilipata elimu yake kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka 1851, katika Maonyesho Makuu ya London, Malkia Victoria aliagiza seti ya vyombo vyenye vipepeo na maua kwa mtindo wa Kichina, na nakshi hiyo yaitwa Victoria hata leo. Nyingine, iitwayo Rothschild, ina ndege na mkufu wa dhahabu juu ya mti. Yasimuliwa kwamba bibi mmoja wa ukoo huo alipoteza mkufu wake bustanini, ukaonekana kwa ndege waliokuwa wakiuchezea. Apendaye na asadiki.

Sifa, hata hivyo, hazilipi madeni. Mfalme Franz Joseph alimpa Fischer cheo cha ukabaila. Mwaka 1874 kiwanda kikafilisika. Mjukuu wake, Jenő, alikishika mwaka 1896 akakifufua. Serikali ilikitwaa mwaka 1948. Kilipouzwa tena mwaka 1993, robo tatu ya hisa zilishikwa na wafanyakazi na wasimamizi wenyewe, yaani wafinyanzi na wachoraji wakawa wenye mali.

Nakshi za Herend bado huchorwa kwa mkono, kwa brashi nyembamba, na mchoraji hutia alama yake chini ya chombo.